Uhamishaji wa video za diski: mwangaza na ubora wa picha

Uhamishaji wa video za diski ni kazi ya kutoa picha na sauti zilizorekodiwa kwenye VCD au DVD na kuzibana katika faili inayoweza kuchezwa kwenye simu, kompyuta au runinga ya kisasa. Malalamiko ya wanaoifanya hayatofautiani sana: picha imetoka na giza kuliko ilivyokuwa kwenye deki, au imepauka, nyuso zimejaa miraba, mtu akigeuza kichwa, mistari inamfuata. Makala hii inaeleza kasoro hizo zinatoka wapi na zinarekebishwaje. Mifano yake inatokana zaidi na aina ya diski za nyumbani zinazopatikana Harrow, kaskazini-magharibi mwa London.

Kasoro nyingi za mwangaza hazimo kwenye diski. Huzaliwa njiani, pale programu mbili zinapotafsiri namba zilezile kwa njia mbili tofauti. Anayekimbilia kitufe cha kuongeza mwangaza kabla ya kujua kosa liko wapi huongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na la pili huwa halifutiki.

Harrow na diski zake

Harrow, halmashauri ya London tangu 1965, ilikuwa na wakazi wapatao 261,000 katika sensa ya 2021. Kwa historia ya picha ni mji wenye jina. Mwaka 1891 Kodak ilifungua kiwanda huko Wealdstone, na mwaka 1928 ikaongeza maabara ya utafiti. Katika miaka ya 1950 watu wapatao 6,000 walikuwa wakifanya kazi hapo, wakitengeneza filamu na karatasi za picha. Kiwanda kilifungwa 2016, na eneo lake sasa linajengwa nyumba. Mwaka huohuo, Julai, kampuni ya Funai ya Japani iliacha kuunda deki za VHS, ikiwa ya mwisho duniani kufanya hivyo.

Sababu ya pili ya kuitaja Harrow ni watu wake. Waasia wa Kenya walianza kuingia Uingereza kwa wingi mwaka 1967 na mwanzoni mwa 1968, kabla sheria mpya ya uhamiaji haijawabana. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na takriban 28,000 kati yao wakapokelewa Uingereza. Wengi waliishia Leicester. Wengine wengi walikaa Wembley, Kenton, Stanmore na Harrow. Jamii ya Walohana ina ukumbi wake wa Dhamecha Lohana Centre huko South Harrow. Makhoja Ithnaasheri, wengi wao wakiwa na asili ya Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, wana kituo chao Stanmore, na wazee wao wengi hawajaacha kuongea Kiswahili.

Jamii za namna hii hurekodi. Harusi zilinaswa kwenye kanda za VHS tangu miaka ya 1980, kanda zikahamishiwa DVD katika miaka ya 2000, na harusi za baadaye zikatolewa kwenye DVD moja kwa moja. Kwa bahati nzuri Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia mfumo wa rangi wa PAL kama Uingereza, hivyo kanda ya Mombasa ilichezeka Harrow bila mgogoro. Kanda na diski zilizotumwa na ndugu wa Toronto au Houston zilikuja kwa mfumo wa NTSC, na hizo zina matatizo yake.

Weusi ni 16, weupe ni 235

Mwangaza wa kila pikseli kwenye DVD huandikwa kwa namba ya biti 8, yaani kati ya 0 na 255. Lakini video haitumii nafasi yote hiyo. Kiwango cha kimataifa cha BT.601, kilichopitishwa 1982, kiliweka weusi kwenye 16 na weupe kwenye 235, kikaacha nafasi pembeni kwa mawimbi yanayopitiliza. Masafa hayo huitwa finyu. Kompyuta hutumia masafa kamili: weusi kwake ni 0 na weupe ni 255. Ili picha ya DVD ionekane sawasawa kwenye skrini ya kompyuta, kila namba hutolewa 16, ikazidishwa kwa 255, ikagawanywa kwa 219. Hesabu hiyo inatakiwa kufanyika mara moja tu.

Isipofanyika kabisa, weusi hubaki kwenye 16, ambayo kwenye kompyuta ni kijivu kilichoiva, na weupe hubaki kwenye 235. Picha hupauka. Ikifanyika mara mbili, mambo huwa mabaya zaidi. Chukua suti nyeusi ya bwana harusi, ambayo mikunjo yake imeandikwa kwa namba za kati ya 16 na 30. Baada ya hesabu ya kwanza, 30 inakuwa 16. Baada ya hesabu ya pili, 16 inakuwa 0. Mikunjo yote imekuwa weusi mmoja. Upande wa juu, kila kilichokuwa 218 au zaidi kimekuwa 255, na kitambaa cheupe kimegeuka bapa. Faili ikishahifadhiwa hivyo hakuna kitufe kitakachorudisha mikunjo, kwa sababu namba zilizoitofautisha hazipo tena.

Kwa hiyo uchunguzi huja kabla ya dawa. Tafuta sehemu ya diski ambayo unajua ni nyeusi kweli: kanda nyeusi za juu na chini ya picha, au zile sekunde chache ambapo mhariri alizimisha picha kabla ya kuandika majina ya maharusi. Fungua fremu hiyo katika programu inayoonyesha grafu ya mwangaza, ukasome namba za video yenyewe kabla hazijageuzwa kuwa rangi za skrini. Weusi ukisoma 16, diski ni nzima na tatizo liko mbele. Ukisoma 0 katika faili inayojitangaza kuwa ya masafa finyu, kuna mtu au programu iliyotanua masafa mahali pasipostahili. Ukisoma karibu na 32, soma sehemu ya NTSC hapa chini.

Kisha ipime skrini. Cheza faili hiyohiyo katika vichezeshi viwili na utoe picha mgando kutoka kila kimoja. Picha mgando zikiwa na namba zilezile huku macho yanaona tofauti, faili haina kosa. Linalokosewa ni onyesho. Kwenye kompyuta za Windows za zamani video ilipitishwa katika njia yake ya pekee ndani ya kadi ya picha, yenye vidhibiti vyake vya mwangaza, ndiyo maana filamu moja ilionekana ya giza katika programu moja na ya kawaida katika nyingine. Kompyuta za Mac nazo zilitumia gama (kipimo cha mwangaza wa sehemu za katikati) ya 1.8 hadi toleo la 10.6 la mwaka 2009, wakati wengine walitumia 2.2, na video iliyorekebishwa kwa jicho kwenye Mac ilionekana nzito kwingine. Siku hizi mshukiwa wa kwanza ni waya wa HDMI: kompyuta inatuma masafa finyu, runinga inasubiri masafa kamili, au kinyume chake. Dawa yake iko kwenye menyu ya runinga, na faili haiguswi.

Ikithibitika kwamba kosa limo kwenye faili, bado kuna hatua moja kabla ya kuibana upya. Faili zilizobanwa kwa H.264 hubeba alama inayotangaza masafa. Mara nyingi namba ni sahihi na alama ndiyo ya uongo, na programu ya FFmpeg inaweza kuibadilisha alama bila kuigusa picha. Ni kazi ya dakika chache, na ubora haupungui hata chembe. Ikiwa namba zenyewe zimepotoka na diski ipo, rudi kwenye diski. Kurekebisha nakala iliyoharibika wakati asili iko kabatini ni uvivu unaolipwa kwa picha mbovu.

Kitambaa cheupe na ukumbi wenye giza

Kuna mwangaza uliokosewa tangu siku ya harusi, na hapo alama na masafa havisaidii.

Kamera nyingi za nyumbani hazikuheshimu mpaka wa 235. Jua lilipokuwa kali ziliandika weupe hadi 254. Bi harusi wa Kigujarati aliyevaa panetari, sari nyeupe yenye pindo jekundu, akitoka nje ya ukumbi saa saba mchana, ataonekana kwenye kompyuta kama doa jeupe lisilo na nakshi. Lakini nakshi huenda zipo: zimo kati ya 236 na 254, na programu inazikata pale tu inapozigeuza kuwa rangi za skrini. Anayehamisha akishusha mwangaza wa juu kabla ya ugeuzaji huo, kwa kichujio kinachofanya kazi kwenye namba za video zenyewe, nyuzi za kitambaa hurudi. Mpangilio ndio kila kitu hapa. Kichujio kilekile kikiwekwa baada ya ugeuzaji kitatoa kijivu kitupu.

Giza la ukumbini ni gumu zaidi. Taa zimepunguzwa, DJ anawasha za rangi, na kamera imejiongezea nguvu hadi picha imejaa chenga. Mkono wa kwanza hukimbilia kidhibiti cha mwangaza, ambacho hupandisha namba zote kwa pamoja, weusi ukiwemo, na picha inakuwa ya ukungu. Kinachofaa ni gama, ambayo hupandisha vya katikati na kuacha ncha mbili mahali pake. Hata hivyo kuna kikomo. Kodeki (mbinu ya kubana video) ya MPEG-2 iliyoijaza diski hiyo iliweka biti chache kwenye giza kwa kuamini kwamba jicho halitaona. Ukilifunua giza, unaifunua na miraba iliyofichwa humo. Pandisha kidogo, safisha chenga kwanza, na uridhike na uso unaotambulika. Maoni ya mwandishi ni kwamba ukumbi wa usiku uachwe uonekane kuwa usiku.

Rangi nayo ina mtego wake. DVD hutumia kanuni za rangi za BT.601, na video za kisasa za HD hutumia BT.709. Kichezeshi kinachokosea kati ya hizo mbili hugeuza kidogo wekundu na ukijani, na ngozi za watu hazikai sawa ingawa mwangaza haujaguswa. Vilevile, DVD huhifadhi sampuli moja ya rangi kwa kila pikseli nne, yaani 360 kwa 288 ndani ya picha ya 720 kwa 576. Ndiyo maana pindo jekundu la sari huwa na kingo za ngazi. Hilo limo kwenye diski tangu mwanzo, na kuongeza ukali huliongezea ubaya.

Diski za NTSC

Mkanda wa NTSC wa Amerika Kaskazini uliweka weusi asilimia 7.5 juu ya sifuri ya umeme. PAL haikufanya hivyo, wala NTSC ya Japani. Kifaa cha kunasia kisipoiondoa nyongeza hiyo, weusi huangukia karibu na 32 badala ya 16, na harusi yote ya Toronto inakuwa na pazia la kijivu. Marekebisho ni kutoa nyongeza hiyo kwa hesabu moja, kuivuta 32 irudi 16 huku 235 ikibaki ilipo.

Kasi ya fremu ni suala jingine. NTSC ina fremu 29.97 kwa sekunde na mistari 480. PAL ina fremu 25 na mistari 576. Watu waliowahi kupeleka kanda madukani zigeuzwe kuwa PAL walirudishiwa picha zenye vivuli viwiliviwili, kwa kuwa mashine ilichanganya fremu jirani ili hesabu itimie. Leo kugeuza hakuna maana, kwani kompyuta na simu huonyesha kasi zote. Iache NTSC ilivyo.

Mistari, umbo na biti

Fremu ya DVD iliyotoka kwenye kamera ya nyumbani ni nusu mbili zilizonaswa kwa nyakati tofauti: mistari ya shufwa na mistari ya witiri, kila moja ikiitwa fildi, 50 kwa sekunde. Runinga za zamani za kioo cha mgongo mrefu zilizionyesha kwa zamu. Skrini bapa huzionyesha pamoja, na mkono unaopunga hutoa mistari kama meno ya kitana. Vichujio kama yadif, ndani ya programu za FFmpeg na HandBrake, huziunganisha. Kichujio cha QTGMC ni cha polepole lakini huacha picha safi zaidi. Ngoma ya dandia, yenye vijiti vinavyogongana kwa kasi, inafaa kugeuzwa kuwa fremu 50 kamili kwa sekunde badala ya 25, ili mwendo usikatwe nusu. Kuna makosa mawili ya kuepuka. Moja ni kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuunganisha fildi, kwani mistari ikishachanganyika haitenganiki. La pili ni kukosea zamu ya fildi: DVD kwa kawaida huanza na ya juu, kamera za DV huanza na ya chini, na ukizikosea watu hutembea wakitetemeka.

Umbo halihitaji maneno mengi. Pikseli za DVD si za mraba, hivyo 720 kwa 576 huonyeshwa kama 768 kwa 576 kwa picha ya 4:3 na kama 1024 kwa 576 kwa picha ya 16:9. Jamaa wakionekana wamenenepa au wamerefuka, tazama hapo.

Biti ndizo zinazoleta ubishi. DVD ya safu moja hubeba baiti bilioni 4.7. Harusi ya saa mbili ndani yake inapata takriban megabiti 5.2 kwa sekunde. Ya saa nne inapata 2.6 tu, na hapo mpiga video ameshaikaba picha kabla mteja hajailipia. Hakuna kodeki itakayorudisha kilichokabwa. Vinasa vya DVD vya mezani vilivyowekwa kwenye hali ya kurekodi kwa muda mrefu vilikata hata upana, kutoka pikseli 720 hadi 352. VCD, iliyotamba Afrika Mashariki kwa miaka mingi na kubeba filamu za Bongo na taarabu, ni ndogo zaidi: 352 kwa 288, kwa kilobiti 1,150 kwa sekunde.

Enzi za kodeki za DivX na Xvid, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lengo lilikuwa kuiingiza filamu kwenye CD ya megabaiti 700. Kwa saa mbili hiyo ni kama kilobiti 815 kwa sekunde. Ukitoa 128 za sauti, picha inabaki na chini ya 700. Miraba ya enzi hiyo ilitokana na CD, na CD haipo tena mezani. Cha ajabu ni kwamba desturi imebaki, na watu bado huchagua ukubwa wa faili kwanza kisha wakashangaa ubora. Njia bora ni kuchagua ubora na kuacha ukubwa ujipange. Katika x264, kodeki ya H.264 inayotumiwa na HandBrake, kipimo hicho huitwa CRF. Namba ndogo ni ubora mkubwa. 23 ndiyo chaguo-msingi, na kwa picha ya DVD 18 hadi 22 inatosha. Chenga za VHS hula biti nyingi, kwa hiyo usafishaji mwepesi hupunguza faili bila kuharibu nyuso. Usafishaji mzito hugeuza ngozi kuwa plastiki, na bibi wa miaka themanini akatoka bila makunyanzi yake.

Anga la jioni na ukuta wenye mwanga hafifu huweza kutoa tabaka za rangi zinazoonekana kama kingo. Kubana kwa biti 10 hupunguza tabaka hizo, ila runinga za zamani hazifungui H.264 ya biti 10. Sauti ya AC-3 ya diski haina haja ya kubanwa tena. Inakiliwa kama ilivyo.

Faili nzuri inaweza kuharibiwa na njia ya kuituma. WhatsApp hubana upya video inayotumwa kama video. Ikitumwa kama dokumenti, ambayo tangu 2022 inaruhusiwa kufikia gigabaiti 2, hufika kama ilivyotoka.

Diski zinazokataa kusomeka

DVD zilizochomwa nyumbani zina tabaka la rangi ya kemikali inayochakaa kwa joto na mwanga. Mbinu ni kunakili diski nzima kwanza kuwa faili moja, kwa chombo kama ddrescue kinachorudia sehemu sugu mara nyingi na kuandika zipi zimekosa, na ndipo kazi ya kubana ianze juu ya nakala hiyo. Kusoma na kubana kwa wakati mmoja huzaa miraba ambayo mtu ataitafuta kwenye kodeki kumbe ni mikwaruzo. Kujaribu kiendeshi kingine cha DVD husaidia mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa leza hutofautiana. Diski iliyotolewa kwenye kinasa bila kufungwa rasmi huonekana tupu kwenye kompyuta. Kinasa kilichoirekodi, kama kipo bado, ndicho kinachoweza kuifunga.

Sheria ya Uingereza

Uingereza iliruhusu mtu kunakili diski yake kwa matumizi binafsi kuanzia 1 Oktoba 2014, lakini Mahakama Kuu ilibatilisha kanuni hizo Julai 2015. Filamu za madukani zina pia kufuli la CSS, ambalo kulivunja ni jambo jingine kisheria. Diski za harusi kwa kawaida hazina kufuli. Hakimiliki yake, hata hivyo, kwa kawaida hubaki kwa aliyeitengeneza video, isipokuwa mkataba umesema vingine, na familia inayotaka kuiweka harusi ya 1994 kwenye YouTube inashauriwa kumtafuta mpiga video wake kama bado yupo kazini.